Unguja hadi Pemba kwa Ndege: Kilomita Ngapi, Saa Ngapi?

Miaka kadhaa iliyopita tuliweka katika zoezi la mwaka wa kwanza swali ambalo walimu wote tuliliona jepesi: "Kutoka uwanja wa ndege wa Unguja hadi uwanja wa ndege wa Pemba ni umbali gani, na safari huchukua muda gani?" Wanafunzi waliruhusiwa kutumia ramani na intaneti, kisha waandike aya moja kwa Kiswahili sanifu. Tulidhani tunawapa alama za bure. Majibu yaliyorudi yalianzia kilomita 50 hadi kilomita 765, na muda ulianzia dakika ishirini hadi "saa mbili".

Tulipoketi kusahihisha tulibaini kwamba karibu kila mwanafunzi alikuwa amepima kitu cha kweli. Tatizo ni kwamba hawakupima kitu kimoja, na sisi tuliouliza hatukuwa tumesema tunataka kipi. Hata kichwa cha makala hii kina mtego huo huo. Ukimwuliza mtu "saa ngapi?" anaweza kukujibu ni wakati gani wa siku, au anaweza kukujibu ni muda mrefu kiasi gani. Katika chumba cha darasa mtego huo hugharimu alama mbili. Katika safari hugharimu zaidi, kama nitakavyoeleza, kwa sababu mimi mwenyewe nilikwisha kuulipia.

Nimeona si vibaya kulirudia swali lile polepole, hatua kwa hatua, ili mwalimu atakayelitumia tena ajue anauliza nini.

Pemba ipi, na Zanzibar ipi?

Tuanze na majina, maana ndiko makosa ya kwanza yalikotokea. Wanafunzi wengi waliandika "kutoka Zanzibar hadi Pemba". Tiketi huandika hivyo na wasafiri husema hivyo, lakini kwa maana kamili Pemba iko ndani ya Zanzibar. Zanzibar ni jina la visiwa vyote kwa pamoja: Unguja, Pemba na visiwa vidogo vinavyovizunguka. Kisiwa chenye Mji Mkongwe kinaitwa Unguja. Mpemba anayevuka kwenda upande wa pili husema anakwenda Unguja, na lahaja ya huko huitwa Kiunguja, ile ambayo juu yake Kiswahili sanifu kilijengwa tangu Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930. Mwanafunzi wa Kiswahili anayesema "kutoka Zanzibar hadi Pemba" hajafanya dhambi, ila ni kama mtu anayesema anatoka nyumbani kwenda sebuleni.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Aliyeleta kilomita 765 hakukosea hesabu hata kidogo. Aliandika neno Pemba kwenye kompyuta, akaletewa Pemba ya Msumbiji, mji ulioko kwenye jimbo la Cabo Delgado ambao kabla ya mwaka 1975 uliitwa Porto Amélia. Huo si kisiwa, bali ni mji wa bara penye bandari. Huko nako pwani ina lugha iliyo jirani sana na Kiswahili, Kimwani, kwa hiyo mtu wa isimu hatajuta kufika. Lakini hatakuwa amefika alikokusudia. Ndiyo maana nawasihi walimu wasizipuuze zile alama za herufi tatu zinazoandikwa kwenye tiketi. Uwanja wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, uliopewa jina la Rais wa kwanza wa Zanzibar na uliopo kwenye eneo ambalo watu wazima bado huliita Kisauni, una alama ya ZNZ. Uwanja wa Pemba, ulioko upande wa Wawi, kilomita chache kutoka mji wa Chake Chake, una alama ya PMA. Pemba ya Msumbiji ni POL. Herufi mbili tu zinatofautiana, na kati yake kuna mpaka wa nchi na mamia ya kilomita.

Jambo dogo kuhusu neno lenyewe kabla hatujaondoka hapa. Wapo wanaosahihisha "uwanja wa ndege" kuwa "kiwanja cha ndege". Mamlaka zinazosimamia kazi hiyo, Bara na Zanzibar, hujiita za "Viwanja vya Ndege", na hapo ndipo mgogoro unapoanza, kwa kuwa wingi wa uwanja ungepaswa kuwa nyanja. Lakini nani atasema "nyanja za ndege" leo, wakati nyanja zimekuwa za elimu, za uchumi na za siasa? Watu husema uwanja katika umoja na viwanja katika wingi, na wanaelewana. Mimi huviacha vyote viwili.

Umbali

Sasa kilomita. Uwanja wa Unguja upo takriban nyuzi 6 na dakika 13 kusini ya ikweta, na nyuzi 39 na dakika 13 mashariki. Uwanja wa Pemba upo takriban nyuzi 5 na dakika 15 kusini, na nyuzi 39 na dakika 49 mashariki. Mwanafunzi asishtuke kuona neno dakika hapa. Kila uzio mmoja wa duara hugawanywa katika dakika 60, kama saa inavyogawanywa, na Kiswahili, kama lugha nyingine nyingi, hutumia neno moja kwa vyote viwili. Nimeona wanafunzi wakichanganya, wakafikiri kwamba dakika hizo ndizo muda wa safari, na kwa bahati mbaya kwa safari hii namba hazitofautiani sana kiasi cha kumshtua mtu.

Mabaharia walikwisha kuturahisishia kazi. Dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Karibu na ikweta dakika moja ya longitudo nayo ina urefu unaokaribia sana huo. Kwa hiyo toa: kutoka kusini kwenda kaskazini tofauti ni dakika 58, na kutoka magharibi kwenda mashariki ni dakika 36. Una pembetatu mraba yenye upande wa maili 58 na upande wa maili 36, na unachotafuta ni ule upande mrefu. Kanuni ya Pythagoras ambayo kila mtoto aliisoma sekondari inatosha. 58 mara 58 ni 3,364. 36 mara 36 ni 1,296. Jumla ni 4,660. Kipeuo chake cha pili ni 68 na kidogo. Maili 68 za baharini ni kama kilomita 126. Nimetumia dakika nzima nzima, kwa hiyo kilomita moja au mbili huku na huku zisimsumbue mtu.

Huo ni umbali wa mstari ulionyooka, kutoka uwanja hadi uwanja. Yule aliyeandika kilomita 50 naye alikuwa na hoja: alipima bahari iliyo katikati, kutoka ncha ya kaskazini ya Unguja huko Nungwi hadi ncha ya kusini ya Pemba. Kwa anayevua samaki au anayevusha chombo, huo ndio umbali wenye maana. Ndege haianzii Nungwi. Huanzia kusini ya mji, ikapita juu ya sehemu kubwa ya Unguja, ikavuka maji, kisha ikaingia Pemba hadi katikati.

Hapa pana neno ambalo lugha yetu inalo na ambalo vitabu vya kozi hulisahau: mwendo. Mswahili wa zamani hakuwa na haja ya kilomita. Alisema kijiji kile ni mwendo wa siku mbili, au shamba lile ni mwendo wa nusu saa. Mwendo ni umbali uliopimwa kwa muda, na una maana pale tu msikilizaji anapojua kinachotembea. Mwendo wa siku moja kwa miguu si mwendo wa siku moja kwa jahazi. Mtu akikuambia "Pemba ni mwendo wa nusu saa" ni lazima umwulize: kwa nini? Kwa ndege, ndiyo. Kwa boti ziendazo kasi kutoka bandari ya Malindi hadi Mkoani ni saa kadhaa, na kwa meli ya mizigo na abiria inaweza kuwa usiku kucha.

Muda, na ni muda upi

Ndege ambazo kwa muda mrefu zimebeba abiria kati ya visiwa hivi ni ndogo. Iliyozoeleka ni Cessna Caravan, yenye propela moja puani na viti vya abiria kama kumi na viwili. Ikishapanda juu huenda kama kilomita 300 kwa saa. Gawanya 126 kwa 300, utapata kama dakika 25. Hizo ni dakika za angani, na hata hizo hazitulii. Safari ya Pemba inaelekea kaskazini-mashariki, na pwani yetu ina pepo mbili kuu. Kusi, inayovuma katikati ya mwaka, huja kutoka upande wa kusini na kuisukuma ndege kwa nyuma. Mabaharia wangesema inapiga tezi. Kaskazi, inayovuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, huja kutoka kaskazini-mashariki na kuipiga omo. Upepo wa kilomita 30 kwa saa ukiwa nyuma yako utafika kwa dakika 23. Ukiwa mbele yako, 28. Tofauti ya dakika tano haimsumbui abiria, lakini rubani huihesabia mafuta, na mwalimu wa Kiswahili anapata nafasi nzuri ya kufundisha kusi, kaskazi, omo na tezi kwa mfano mmoja unaoeleweka.

Ratiba hata hivyo huandika dakika 30. Hili si kosa wala ujanja. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu magurudumu yanapoanza kusogea maegeshoni Unguja hadi yanaposimama Pemba. Ndani yake kuna kutambaa hadi mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja ruhusa ya mnara, kupaa, kupinda, kushuka na kutua. Kwa safari fupi sehemu hizo ni nyingi kulingana na urefu wa safari yenyewe. Ndiyo maana ndege yenye kasi maradufu haikufikishi Pemba kwa nusu ya muda. Haipati hata nafasi ya kuitumia kasi yake.

Angalia pia vitenzi. Ndege inaondoka saa tatu si sawa na ndege inaruka saa tatu. Kuondoka ni kuacha maegesho. Kuruka au kupaa ni kuiacha ardhi. Kutua ni kuigusa tena. Kufika ni neno pana linaloweza kumaanisha hata umeshashika mzigo wako. Wenzetu wa Kenya husema pia kuabiri, pale ambapo Mtanzania husema kupanda ndege. Hilo ni neno zuri na fupi, na sioni sababu ya kulikata kwa kalamu nyekundu ati kwa kuwa halikusikika Dar es Salaam.

Kisha kuna muda wa tatu, ambao hauandikwi popote: kutoka mlango hadi mlango. Ndio huo niliousahau.

Tulikuwa tunapeleka wanafunzi kumi na tano Pemba kusikiliza lahaja ya Kipemba. Nilikuwa nimemwandikia sheha wa shehia moja ya Wete (sheha ni kiongozi wa serikali wa eneo dogo kabisa huko Zanzibar) nikimwomba atukusanyie wazee wanne au watano. Hesabu yangu ilikuwa safi: ndege inaondoka saa tatu asubuhi, nusu saa angani, nusu saa ya gari kutoka uwanjani hadi Wete, basi tutafika saa nne kamili. Niliandika hivyo katika barua, kwa herufi zilizokolezwa.

Nilisahau kwamba watu kumi na sita hawaingii katika ndege ya viti kumi na viwili. Tulikuwa tumegawanywa katika ndege mbili, na ya pili ilikuwa ile ile ya kwanza, ikishakwenda na kurudi. Nilisahau kwamba abiria hutakiwa kuripoti mapema, mizigo ikapimwa na pengine abiria naye akapandishwa kwenye mizani, kwa sababu katika ndege ndogo kilo za mtu ni sehemu ya hesabu. Nilisahau kwamba kutoka Chake Chake hadi Wete ni kama kilomita 30 za barabara yenye vilima na vijiji, na kwamba dereva atataka kwanza kujua wenzetu wako wapi. Tuliingia Wete saa saba mchana. Wazee walikuwa wamengoja, wamekwenda kusali adhuhuri, na wamerudi kungoja tena. Hakuna aliyetukaripia. Nilipomaliza kuamkia na kuomba radhi, mmoja wao, mzee kuliko wote, alitabasamu akaniuliza: "Nusu saa ya wapi hiyo, mwalimu?"

Nilijibu, "Ya tiketi, mzee wangu." Wakacheka, tukaanza kazi. Lakini wawili kati ya wale tuliowataka walikuwa wameshaondoka kwenda shambani, na sauti zao hatukuzipata. Mmoja, tulivyoambiwa, ndiye aliyejua zaidi msamiati wa uvuvi. Tulirejea Kigali na kanda zenye pengo hilo.

Saa ya Kigali na saa ya Unguja

Katika msafara ule mwanafunzi mmoja alikaribia kuachwa kabisa. Alifika uwanjani akihema, akatuonyesha simu yake: bado dakika kumi na tano kabla ya muda wa kuripoti. Simu ilikuwa haijabadilishwa tangu Kigali. Rwanda na Burundi ziko saa moja nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda. Kwake ilikuwa saa moja na robo; pale alipokuwa amesimama ilikuwa saa mbili na robo, na mizigo ilishapimwa. Tukambadilishia ndege na mwenzake wa kundi la pili.

Jambo hili linafaa kufundishwa vizuri, hasa hapa kwetu, kwa sababu linagusa kiini cha saa ya Kiswahili. Sisi husema kwamba Mswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na saa moja baada ya hapo ni saa moja. Kinyarwanda na Kirundi zimechukua hesabu hiyo hiyo, na Kiganda nacho, kwa hiyo wanafunzi wetu hawapati shida anayoipata Mzungu aliyezoea kuanzia usiku wa manane. Lakini jua na saa ya mkononi si kitu kimoja. Jua huchukua dakika nne kupita kila uzio mmoja wa longitudo. Kigali iko kwenye nyuzi 30 hivi, Unguja kwenye nyuzi 39. Nyuzi tisa mara dakika nne ni dakika 36. Yaani jua la Unguja limemtangulia jua la Kigali kwa zaidi kidogo ya nusu saa, lakini saa za serikali zimetofautiana kwa saa nzima. Kigali, kwa saa yake rasmi, hukaa karibu kabisa na kanuni ya kitabu: jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima. Unguja huchelewa kiasi. Kampala, iliyoko magharibi zaidi lakini inayotumia saa ya Afrika Mashariki, huchelewa zaidi. Huko saa kumi na mbili asubuhi aghalabu bado ni giza. Kanuni tunayoifundisha kama ya jua siku hizi ni ya serikali.

Tiketi nazo huandika kwa hesabu ya Kizungu, 09:00, na karani husema kwa mdomo "saa tatu". Kanuni ya kuongeza au kupunguza sita wanafunzi wanaijua. Wanachokosea ni kuifanya mara mbili: mtu ameshaambiwa saa tatu kwa Kiswahili, naye bado anaigeuza kichwani. Ushauri wangu ni kumwuliza karani swali la pili: asubuhi au mchana? Jibu lake litaondoa shaka.

Saa mbili au masaa mawili?

Nirudi kwa yule aliyeandika kuwa safari "huchukua saa mbili". Nilipomhoji alieleza kwamba amejumlisha kuripoti, kungoja, kuruka na kuchukua mzigo, na kwa kweli hesabu yake ilikuwa ya busara kuliko yangu ya barua. Lakini sentensi yake ilinikumbusha mabishano ya siku nyingi katika idara yetu na, nadhani, katika kila idara ya Kiswahili.

Saa ni nomino ya ngeli ya N. Umoja saa, wingi saa. Kwa hiyo "saa mbili" inabeba maana mbili: wakati wa pili wa siku, na muda wa mara mbili dakika sitini. "Ndege itachelewa saa mbili" inaweza kumfanya mtu akae uwanjani hadi saa tano akidhani ndege iliyokuwa iondoke saa tatu imesogezwa, au arudi nyumbani akidhani imerudishwa hadi kesho saa mbili. Watu wa kawaida, kutoka Pwani hadi Bujumbura, wamejitafutia dawa: saa mbili ni wakati, masaa mawili ni muda. Walimu wengi hukata "masaa" kwa kalamu nyekundu bila hata kufikiri. Mimi pia nilifanya hivyo kwa zaidi ya miaka kumi.

Siku hizi nimelegeza msimamo, ingawa si wote idarani wanaokubaliana nami. Katika maandishi rasmi bado nadai "muda wa saa mbili", kwa sababu sanifu ni sanifu na mtihani una mwenye kuusahihisha. Lakini katika mazungumzo sikatai "masaa mawili". Msemaji wa namna hiyo hajaiharibu ngeli kwa ujinga. Ametofautisha vitu viwili ambavyo sarufi ya vitabu imeviacha vimebanana. Ninachokataa ni mwanafunzi anayechanganya: "tulifika masaa mawili asubuhi". Huyo ameichukua dawa akainywa kwa ugonjwa mwingine.

Usiku wa lini?

Asiye na nauli ya ndege huenda kwa bahari, na wengi wa Pemba huenda kwa bahari. Hapo kuna mtego mmoja wa muda ambao haumo katika safari za ndege za mchana. Kwa desturi ya Kiislamu siku huanza jua linapozama. Mzee wa Pemba akisema "usiku wa Ijumaa" anaweza kumaanisha ule usiku ambao sisi wa ofisini tunauita Alhamisi usiku. Aliyeambiwa chombo kinaondoka usiku wa Ijumaa na akaenda bandarini Ijumaa baada ya Isha anaweza kukuta gati tupu. Magazeti yamejitengenezea fungu la maneno lisilo na utata: usiku wa kuamkia. Meli ya MV Spice Islander, iliyokuwa ikitoka Unguja kwenda Pemba na ikazama karibu na Nungwi na mamia ya watu, ilizama usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2011. Waliopanda walipanda Ijumaa. Ndugu waliokuwa wakingoja Pemba waliwangoja Jumamosi. Anayetafsiri habari ya namna hiyo, au kuihadithia, hana ruhusa ya kukosea siku.

Zoezi

Wanaofundisha mwaka wa pili wanaweza kuwapa wanafunzi safari nyingine ya visiwa, Unguja hadi Mafia. Uwanja wa Mafia upo takriban nyuzi 7 na dakika 55 kusini, nyuzi 39 na dakika 40 mashariki. Kwa njia ile ile ya pembetatu watapata kama kilomita 195 kwa mstari ulionyooka. Kisha waambiwe kwamba msafiri anapitia Dar es Salaam, iliyoko nyuzi 6 na dakika 53 kusini, nyuzi 39 na dakika 12 mashariki, na wahesabu vipande viwili. Watapata kama kilomita 74 na kama kilomita 126, jumla 200. Yaani kupitia Dar es Salaam kunaongeza kilomita tano tu, kwa sababu Dar es Salaam iko karibu njiani. Hapo waandike barua fupi kwa mwenyeji wa Kilindoni, wakimweleza watafika saa ngapi, na watumie maneno kuondoka, kutua, kungoja, muda wa, na kufika. Atakayeandika muda kwa kuangalia hizo kilomita tano, na akasahau kwamba Dar es Salaam atashuka, atangoja na ataripoti upya, barua yake irudishwe bila alama.